Nyumba ya Mpito Mtwara: Namna ya Kuianzisha na Kuivusha Msimu wa Korosho

Mtu anatoka soba, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, huko Dar au Unguja, anashuka stendi Mtwara na begi moja, mashavu yamejaa, mama yake analia kwa furaha. Tuseme ni mwezi wa pili. Mikorosho imenyamaza, mfukoni hamna kitu, ukoo mzima unasema mtoto kapona. Kisha inaingia Oktoba. Mnada wa kwanza unapita, fedha zinasoma benki, uraka, ile pombe ya mabibo, unachachuka kwenye madumu, na jamaa wa maskani, kijiwe cha watumiaji, wanakumbuka ghafla kwao ni wapi. Nimeona watu waliokaa miezi sita bila kugusa kitu wakimalizika kwa siku nne za Oktoba.

Nyumba ninayoieleza hapa inaziba pengo hilo. Si hospitali, na si soba yenyewe, yaani ile nyumba ya upataji nafuu ambako mtu hufungiwa mbali na mtaa mpaka akili itulie. Hii ni nyumba ya mpito. Watu sita hadi nane walioshaacha wanakaa pamoja kwa miezi kadhaa, mchana wanakwenda kazini, jioni wanarudi, wanajifunza upya kushika fedha na kuumaliza usiku. Nimelea nyumba ya namna hii Mtwara Mjini, na mimi mwenyewe niliwahi kula unga, yaani heroini, kwa hiyo utakayosoma yamechanganyika: mengine ni ya daktari, mengine ya sheria, mengine ni makovu yangu. Wa Lindi, Masasi na Nachingwea mtabadilisha majina ya mitaa, kazi ni ile ile.

Hatua ya 1: Amua unampokea nani

Kosa la kwanza la wengi wetu ni huruma. Mama analetwa na machozi, kijana yuko nje kwenye bajaji anatetemeka, nawe unafungua mlango. Usifungue mpaka umeuliza maswali mawili: anatumia nini, na mara ya mwisho ametumia lini.

Ukisikia gongo au pombe kali kila siku kwa miaka, mpeleke hospitali kwanza. Watu wanaogopa arosto, yale mateso ya mwili unapokosa ulichozoea, ya unga na kuidharau ya pombe, kumbe ya pombe ndiyo inayoua kwa urahisi zaidi. Mnywaji mkubwa akikata ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Degedege huweza kumpiga ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu ukutani, joto likapanda. Hapo panahitajika daktari, dawa na dripu. Mtwara ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, Lindi ipo Sokoine, wa upande wa Masasi wanayo Ndanda. Akiruhusiwa, ndipo aje kwako.

Arosto ya unga ina sura nyingine. Huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya kete (kipimo kimoja cha unga) ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha kwa wengi hulegea ndani ya siku saba hadi kumi. Kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, kupiga miayo, kukosa usingizi. Mara chache inaua yenyewe, ila kuishiwa maji kunaweza kuua. Sisi hatumpokei mtu aliye katikati ya arosto. Nyumba haina muuguzi, na kelele zake za usiku zinawaamshia wengine kumbukumbu wasizozitaka.

Sasa methadoni. Kuna nyumba zinazomkataa mtu anayekunywa methadoni, eti "bado anatumia". Huo ni ubishi wa kijiweni. Methadoni ni tiba. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, na wapo watu waliorudi kazini na kulea watoto wao kwa sababu yake. Shida yake kwetu ni ya umbali: kwa kawaida dozi hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa hiyo kabla hujamleta mtu kutoka Dar, kliniki yake ijue, na iseme yenyewe huku kusini atainywea wapi. Kama jibu halipo, abaki huko huko. Kumpandisha basi kwa safari ya zaidi ya kilomita 500, halafu dozi ikatike, ni kumrudisha maskani kwa mkono wako.

Mengine kwa haraka. Kila anayeingia apimwe kifua kikuu, maana mnalala chumba kimoja. Kikohozi cha wiki mbili hakisubiri. Anayetumia ARV aje na kadi yake na dawa zake, na siri yake ibaki kwa mlezi mmoja. Aliye chini ya miaka 18 si wako, mkabidhi kwa ofisa ustawi wa jamii. Na wanawake wawe na nyumba yao, yenye mlezi mwanamke. Pazia katikati ya sebule si nyumba.

Hatua ya 2: Serikali kwanza, godoro baadaye

Nchi ina Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na kwa sheria hiyo ikaundwa Mamlaka ambayo, pamoja na kukamata, inasimamia pia nyumba za upataji nafuu. Namba yao ya bure ni 119. Usiogope kuipiga kwa sababu tu na polisi wanaijua. Waeleze unachotaka kufanya, uliza wanataka nini kwako, andika. Kama utaendesha kama shirika lisilo la kiserikali, usajili wake unapitia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Ofisa ustawi wa jamii utamhitaji kila mwezi, kwa hiyo mjue mapema na umpe ufunguo wa kuja bila hodi.

Lakini ngazi yenye nguvu kuliko zote ni ya chini kabisa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa jioni, baada ya swala, na karatasi zangu kwenye bahasha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unaleta mateja mtaani kwangu."

"Naleta walioacha, mzee. Wanane. Majina yao haya hapa, na namba za ndugu zao."

Aliisoma orodha yote, akatulia kwenye jina la tatu. "Huyu namjua baba yake." Akaomba kalamu, akaandika namba yake ya simu pembeni. Ndiyo ikawa barua yetu ya utambulisho ya kweli, ile yenye muhuri ilikuja baadaye.

Mpe mwenyekiti orodha inayobadilishwa kila mtu anapoingia au kutoka. Na tangu siku ya kwanza weka daftari la kutoka na kuingia mlangoni: jina, saa, anakwenda wapi, kurudi saa ngapi, sahihi. Kila kuku atakayepotea mtaani atakuwa kaibwa na watu wako, jiandae. Kwetu iliibwa pikipiki, na saa mbili hazikupita watu walikuwa getini. Daftari lilionyesha kwamba kijana waliyemtaja alikuwa ndani tangu saa 12 jioni, na mwenyekiti akalisoma kwa sauti mbele ya wote. Lile daftari la shilingi elfu mbili limefanya kazi kuliko geti la chuma.

Hatua ya 3: Tafuta nyumba, uikague usiku

Wazazi wengi watakushauri mpeleke vijana shamba, Tandahimba huko au Newala, mbali na mji. Inaonekana ni akili. Lakini shamba la kwetu ni mikorosho, na chini ya mikorosho kuna mabibo, na mabibo yakikamuliwa na kuachwa yanakuwa uraka bila kumwomba mtu ruhusa. Mtu aliyekimbizwa unga mjini anakutana na pombe ya bure kila penye kivuli. Isitoshe shambani hakuna kliniki, hakuna kazi ya mwaka mzima, na akizidiwa usiku utatafuta gari mpaka kukuche.

Chukua nyumba mjini, mtaa wa familia wenye watoto na kelele za kawaida, karibu na barabara ya daladala na isiyo mbali na hospitali. Vyumba vitatu au vinne, ua wenye ukuta, choo kisichogombaniwa, maji. Zaidi ya watu watatu chumba kimoja ni vurugu.

Nyumba yetu ya kwanza niliikagua saa 4 asubuhi. Upepo wa bahari, miembe miwili uani, kodi nafuu. Nikalipa miezi sita. Jioni ile ile tukiwa tunapanga vitanda nikasikia ngoma nyuma ya ukuta: kilabu cha mnazi, kinafunguliwa saa 11 jioni na kufungwa watakapo. Tuliishi na harufu ile miezi sita kamili kwa sababu mwenye nyumba hakurudisha hata senti. Kwa hiyo kagua mara tatu: asubuhi, saa 2 usiku ya Ijumaa, na siku moja ambayo wakulima wamelipwa. Zunguka nyumba yote kwa miguu. Muulize muuza genge wa jirani, yeye anajua kila kitu.

Mwenye nyumba mwambie ukweli wote na uuandike kwenye mkataba. Akija kujua baadaye kwa midomo ya watu, atakutoa na watu wako wanane kwa notisi ya siku mbili.

Ndani, kagua vinavyosahaulika. Petroli ya jenereta, gundi ya fundi viatu, dawa ya kikohozi yenye kodeini, tramado, valiamu ya bibi. Dawa zote, hata panado, zikae kwenye sanduku la kufuli, na kila kidonge kinachotoka kiandikwe.

Hatua ya 4: Mkataba, na mjomba awepo

Mkataba wa ukaazi uwe ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, usomwe kwa sauti. Wetu una haya: hutumii kitu chochote ndani wala nje, hupigi mtu, huibi, hulali nje bila ruhusa, unapimwa mkojo bila taarifa, unachangia chakula ukianza kupata, na unaweza kuondoka siku yoyote. Hilo la mwisho ni muhimu. Hii si selo. Nyumba zinazofunga watu minyororo, kuwachapa au kuwanyoa kwa adhabu zipo, nimepita kwenye mojawapo, na nilichojifunza kule ni kuruka ukuta.

Kuhusu kipimo cha mkojo, elewa kinachosoma kabla hujamhukumu mtu. Heroini huonekana kwa siku mbili tatu hivi tu. Bangi kwa mvutaji wa kila siku yaweza kuonekana kwa wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa hiyo aliyeingia juzi akisoma chanya si lazima amevuta kwako. Vikombe vingi vya kawaida havisomi pombe, pua yako ndiyo itakayofanya kazi hiyo. Na anayesimamia awe wa jinsia moja na anayepimwa, kwa heshima, bila watazamaji.

Siku ya kutia sahihi, wengi huja na mama. Mama aje, lakini kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, ukoo unapita kwa mama na neno zito liko kwa mjomba. Mjomba ndiye atakayemwita kijana kwenye jando Desemba, ndiye anayegawa shamba, ndiye ambaye kijana hawezi kumkatalia kikombe. Nilipuuza hili kwa mkaazi mmoja. Mama na baba walitia sahihi, kila kitu safi. Mjomba, ambaye hakuna aliyemwambia, akamtumia nauli aje kuokota korosho, na jioni ya kwanza akamkaribisha kwa uraka, kwa upendo kabisa. Hakuwa na kosa yule mzee. Kosa lilikuwa langu, niliyemwacha nje ya kikao.

Kwa hiyo mjomba atie sahihi, na aandikiwe mambo matatu tu: usimpe fedha mkononi, usimwite nyumbani bila kunipigia, na akikataa kikombe mbele ya watu wewe ndiye wa kwanza kumtetea.

Hatua ya 5: Ijaze siku

Hapa sitakawia. Saa 11 alfajiri kuamka, anayeswali aswali, asiyeswali afagie. Saa 1 chai na muhogo au ming'oko, ile mizizi ya porini, ikiwa ni wakati wake. Saa 2 kazini. Saa 11 jioni wote ndani. Saa 1 usiku kikao, saa 4 taa zinazimwa. Dini isiwe sharti. Mwezi wa Ramadhani anayetumia dawa azungumze na daktari kabla ya kufunga.

Kikao cha saa 1 ndio moyo wa nyumba. Nusu saa, kila mtu anasema leo kilichomvuta ni nini na alifanya nini. Wengine hufuata zile hatua 12 za kuacha walizozisoma soba, wengine hawazitaki, sisi hatugombani. Tunachokataa ni hadithi za ushujaa wa zamani, za kete ngapi kwa siku na nani alikuwa tajiri wa maskani. Zinaamsha mate.

Pika vya kutosha. Watu wanane kwetu wanamaliza kilo nne za unga wa ugali kwa siku, na wiki za mwanzo zaidi, maana tumbo lililolala miaka limeamka. Wakishiba hawagombani ovyo. Usingizi utachelewa kurudi, kwa wengine wiki nyingi. Mwambie mapema kwamba ni kawaida, asiende kutafuta kidonge.

Hatua ya 6: Fedha, polepole kama dawa

Kwa mtu aliyekula unga, noti si karatasi. Mkono ukishika elfu kumi, kiganja kinalowa, tumbo linavuruga, anatafuta choo. Mwili umezoea kwamba baada ya noti inakuja kete, umeshaanza kujiandaa kabla ya yeye kuamua lolote. Asiyewahi kupita huko haamini. Kwa hiyo "jitegemee, shika pesa yako" ya wiki ya kwanza ni kumwangusha mtu, na kumshikia pesa yake yote miezi sita ni kumrudishia udhaifu ule ule siku ya kutoka.

Tunakwenda kwa ngazi. Mwezi wa kwanza ujira wote unapokewa nyumbani, unaandikwa kwenye daftari lake mbele yake, anatia sahihi yeye na mashahidi wawili wakaazi. Anapewa nauli kamili, si zaidi. Mwezi wa pili na wa tatu anashika theluthi, na kila Jumapili anasema kwenye kikao ameifanyia nini. Mwezi wa nne anashika nusu. Kuanzia wa tano anashika yote na kutulipa mchango wake wa chakula kama mpangaji. Akiteleza anashuka ngazi moja, bila hotuba.

Mambo mawili usiyafanye kamwe. Usijue namba ya siri ya simu yake wala ya kadi ya benki, maana siku fedha ikipotea utakosa la kusema. Na usichanganye fedha za wakaazi na za nyumba. Weka akaunti mbili au makopo mawili, hata kama yote yana elfu tatu.

Kuhusu kazi, chagua inayolipa kidogo kidogo na yenye msimamizi mkali. Ufundi seremala, gereji, kubangua korosho kiwandani, bustani ya mboga, kupalilia mikorosho kabla ya msimu. VETA ipo Mtwara na Lindi kwa anayetaka cheti. Uvuvi wa usiku sisi hatuuruhusu miezi mitatu ya mwanzo: fedha taslimu alfajiri, uchovu, na wenzake wanataka "kuchangamka". Wapo wavuvi waliosimama vizuri, lakini baadaye.

Watakuja watu na wazo la mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Wazo zuri, ila si kwa kikundi cha watu wenye miezi miwili bila kutumia. Kwangu mimi ni mwaka mzima kwanza. Waanze na kibubu chao.

Hatua ya 7: Panga mwaka kwa kalenda ya mazao

Hapa ndipo nyumba ya kusini inapotofautiana na ya Dar. Fedha za huku haziji kila mwisho wa mwezi, zinakuja kwa mafuriko. Ufuta mwezi wa sita na wa saba, hasa Lindi. Mbaazi mwezi wa nane na wa tisa. Korosho kuanzia Oktoba mpaka Desemba, malipo mengine yakivuka Januari. Bandika kalenda hiyo ukutani na uipangie mambo yafuatayo.

Usimtoe mtu Oktoba, Novemba wala Desemba. Miezi yake ikiisha Septemba, mwongeze. Kama ni lazima atoke kabla, atoke Julai ikiwa kwao hawalimi ufuta, apate wiki za kuzoea kabla ya kishindo. Wanaosema miezi mitatu inatosha wanatoka miji yenye mishahara.

Mkaazi mwenye mikorosho yake, au ya mama yake iliyoandikwa jina lake, mpangie safari ya malipo kama safari ya mgonjwa. Korosho zinaingia ghalani kupitia chama cha msingi cha ushirika, zinauzwa mnadani, malipo yanapitia akaunti ya benki. Ina maana tarehe unaweza kuijua kabla. Siku hiyo anakwenda na watu wawili: mlezi au mkaazi wa muda mrefu, na ndugu mmoja. Orodha ya matumizi imeandikwa wiki moja kabla: ada, mabati, deni la salfa ya kupulizia mikorosho, fungu la mjomba. Wanatoa benki, wanakwenda moja kwa moja dukani na shuleni, wanalipa, wanarudi na risiti. Kinachobaki kinabaki benki. Wasipite popote "kupumzika kidogo". Usiku huo kikao kinaongezwa urefu na chakula kinakuwa kizuri, pilau ikiwezekana, maana amefanya jambo kubwa na anastahili kulisherehekea na watu wasiomwalika kunywa.

Kuokota korosho ni kazi halali na wengi wataihitaji. Ruhusu kwa mashamba ambayo mwenye shamba unamjua, asubuhi kwenda na jioni kurudi, wawili wawili. Kulala shambani hapana. Na msimalize siku mkikaa kwenye lundo la mabibo, tokeni jua likiwa bado juu, kabla madumu hayajafunguliwa.

Desemba inaleta jando na unyago, ngoma usiku kucha. Kumkatalia kijana asihudhurie la mpwa wake ni kumtoa kwenye ukoo. Mpangie aende mchana, awe na kazi yenye heshima ya kumshikisha mikono: kuchinja, kupokea wageni, kugawa chakula. Aondoke kabla ya usiku kunoga. Mjomba aliyetia sahihi kwenye mkataba ndiye atakayempakia kwenye pikipiki.

Hatua ya 8: Usiku wa kuanguka

Atakuja siku moja saa 5 usiku, macho madogo, anajikuna pua, au ananuka gongo. Usimfukuze usiku huo.

Najua wapo wanaofanya hivyo, na wana hoja. Marekani kuna mtindo wa nyumba ulioanza Maryland mwaka 1975, unaitwa Oxford House: wakaazi wanajiendesha wenyewe kwa kura, wanajilipia kila kitu, na anayetumia anatolewa mara moja. Mambo mawili ya kwanza nimeyaiga kadiri nilivyoweza. La tatu sikuliweza, kwa sababu moja ya kitabibu. Mwili uliokaa miezi bila unga umepoteza uzoefu wake. Kipimo kile kile alichokuwa akila zamani bila shida sasa kinaweza kumzima pumzi. Aliyetolewa nje saa 5 usiku kwa hasira atakwenda kula tena, na safari hii peke yake.

Kwa hiyo mwingize ndani. Muulize amekula nini na saa ngapi. Kama anaongea, akae karibu na mtu aliye macho mpaka asubuhi. Kama amelala, mlaze kwa ubavu, na mmoja wenu ahesabu pumzi zake. Akiwa haamki ukimtikisa na kumwita, pumzi zimekuwa chache au anakoroma kwa kukwama, midomo imebadilika rangi, hapo ni hospitali, mbio, na mwambieni daktari ukweli ni unga, maana ipo dawa ya kuirudisha pumzi, naloksoni. Msimmwagie maji, msimpe maziwa, msimwache "alale iishe".

Asubuhi ndiyo ya kikao. Wakaazi wanasikiliza, yeye anaeleza, kisha kura: arudi ngazi ya kwanza ya fedha na ya ruhusa, au arudi soba. Aliyeingiza kete ndani ya nyumba ni suala lingine. Huyo anaondoka asubuhi hiyo hiyo akiwa na ndugu yake, kwa sababu ameweka wengine saba hatarini, na sheria haitanisikiliza mimi nikisema sikujua huku nikijua.

Hatua ya 9: Kumrudisha kwao

Anza mapema. Mwezi wa nne tangu aingie, aende kwao mchana na kurudi. Mwezi wa tano alale usiku mmoja. Wa sita, Jumamosi na Jumapili. Kila akirudi, aulizwe kilichomkera, maana kinachomwangusha mtu nyumbani kwao mara nyingi si dawa, ni ile kufungiwa kabati na kuhesabiwa vijiko. Zungumza na familia kuhusu vijiko. Wana haki ya kuogopa, aliwaibia kweli. Wakubaliane waziwazi ni nini kinafungwa na mpaka lini.

Siku ya kutoka apewe daftari lake la fedha, salio lote, kadi zake za kliniki, na namba tatu za watu wa kuwapigia saa yoyote. Mpigie wewe kila wiki kwa miezi mitatu. Asipopokea mara mbili, panda daladala.

Kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Januari kitanda kimoja kisipangiwe mtu, hata watu wakililia nafasi. Ni cha aliyekwisha kutoka akitaka kulala usiku mmoja mbali na kelele za malipo, bila maswali na bila kupimwa mlangoni. Na zungumza na bodaboda wa kijiwe cha jirani: wakimleta mtu wetu saa yoyote ya usiku, nauli inalipwa getini. Kwetu kuna kopo la majani ya chai juu ya friji, ndani yake elfu tano haikosekani.